Je, kununua bidhaa za Kenya ni kulinda mazingira?

Wito wa "Nunua Kenya, Jenga Kenya" tumeuzoea. Ni wito wa haki. Shilingi inayobaki Kongowea au Marikiti humpa riziki kijana wetu, na inayovuka bahari haina hakika ya kurudi. Lakini siku hizi wito huo umeongezewa hoja nyingine: kwamba anayenunua kitu kilichotengenezwa nchini huwa pia amelinda mazingira, kwa sababu kitu hicho hakikusafirishwa kutoka mbali.

Hoja hii inafaa ipimwe, na hakuna wanaostahili kuipima zaidi ya sisi watu wa Pwani. Bidhaa za ng'ambo huteremshwa bandarini kwetu. Viwanda na machimbo tunapakana navyo. Mikoko, minazi na matumbawe ni vyetu. Faida ikija tutaiona, na hasara ikija itatufika sisi kwanza.

Jibu fupi ni kwamba inategemea. Kila bidhaa ina maswali manne ya kujibu: imetokana na nini, imetengenezwa vipi, imesafiri vipi, na ikishatumika itaishia wapi. Nembo ya "Imetengenezwa Kenya" hujibu sehemu moja tu ya maswali hayo.

Safari: bahari si barabara

Watu wengi hudhani kwamba umbali ndio uchafuzi. Ukweli ni kwamba chombo kinachobeba mzigo kina uzito kuliko umbali wenyewe. Meli kubwa ya mizigo hutoa takriban gramu 10 hadi 20 za hewa ya kaboni kwa kubeba tani moja kilomita moja. Lori kubwa hutoa kama gramu 60 hadi 150 kwa kazi hiyo hiyo. Ndege hupita gramu 500.

Chukua mchele tunaopikia pilau. Kutoka Karachi hadi Mombasa kwa bahari ni kama kilomita 4,400. Tani moja ya mchele wa Pakistan ikivuka bahari hiyo kwa meli itagharimu kilo 44 hadi 88 za kaboni. Tani ya mchele wa Mwea ikiletwa Mombasa kwa lori, mwendo wa kama kilomita 600, itagharimu kilo 36 hadi 90. Hapo hakuna mshindi. Ni kweli mchele wa Pakistan nao una safari yake ya barabara au reli kutoka mashambani Punjab hadi bandarini, kwa hivyo kwa jumla unauzidi wa Mwea. Lakini hauuzidi kwa kiasi ambacho wengi hukidhania.

Tena safari si sehemu kubwa ya hesabu. Mwaka 2018 watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119. Walikuta kwamba usafirishaji huchukua kama asilimia 6 tu ya hewa chafu inayotokana na chakula duniani. Sehemu kubwa hutoka shambani. Kwa mchele, kila kilo moja huambatana na kama kilo 4 za hewa chafu, kwa wastani wa dunia, hasa kwa sababu mpunga uliofurikwa maji hutoa gesi ya methani. Hizo ni kilo 4,000 kwa tani, ukilinganisha na zile kilo themanini za safari.

Kwa hivyo mkulima anayefuata kilimo shadidi, yaani anayeliachia shamba likauke kwa vipindi badala ya kulifurika msimu mzima, hupunguza uchafuzi kuliko anayejivunia tu kuwa karibu na mnunuzi. Wapo wakulima wa Mwea wanaolima hivyo.

Waridi za Naivasha

Mfano unaoshangaza zaidi ni wa kwetu wenyewe. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, walilinganisha waridi zinazolimwa Kenya na kupelekwa Ulaya kwa ndege na zile zinazolimwa Uholanzi. Kwa mashina 12,000, za Kenya zilitoa kama kilo 6,000 za kaboni, hata baada ya kuhesabu ndege. Za Uholanzi zilitoa kama kilo 35,000. Sababu ni kwamba waridi za Kenya hulimwa kwa jua la Mungu, na za Uholanzi zilihitaji nyumba za vioo zenye joto na taa za kuchomea mafuta na gesi.

Mzungu aliyenunua waridi za jirani yake akidhani anayahurumia mazingira alikuwa amechagua lililo baya zaidi. Somo hilo ni la Ulaya, lakini linatuhusu na sisi: ukaribu peke yake si ushahidi.

Umeme wetu ni hazina

Kuna mahali ambapo bidhaa ya Kenya ina faida ya kweli, nayo ni umeme. Kama sehemu tisa katika kumi za umeme wetu hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, mabwawa ya maji, upepo na jua. Nchini India na China, ambako bidhaa nyingi za madukani hutoka, zaidi ya nusu ya umeme hutokana na makaa ya mawe. Kiwanda cha Mombasa kinachoendesha mashine zake kwa umeme huanza kikiwa mbele.

Faida hiyo tulikaribia kuipunguza kwa mikono yetu. Mpango wa kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe Lamu, cha megawati 1,050, ulipingwa na wenyeji, na Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni yake. Waliosimama kidete wakati ule walikuwa wakitetea bahari na afya zao. Bila shaka walikuwa pia wanaitetea heshima ya kila kitu kinachotengenezwa Kenya.

Lakini tusijidanganye. Faida ya umeme huishia pale penye tanuri. Saruji, kwa mfano, huchomwa kwa makaa ya mawe yanayoagizwa kutoka nje, na sehemu kubwa ya kaboni yake hutoka ndani ya mawe ya chokaa yenyewe yanapoungua. Mfuko wa saruji ukitoka karibu haumaanishi ni msafi.

Nembo ya Kenya, malighafi ya ng'ambo

Tuseme unaingia dukani na kuchukua mafuta ya kupikia yaliyoandikwa yametengenezwa Kenya. Mengi ya mafuta hayo ni mawese ghafi yaliyoletwa kwa meli, hasa kutoka Indonesia na Malaysia, kisha yakasafishwa na kutiwa chupani hapa. Kazi ya kiwandani ni yetu na ajira ni ya watoto wetu, hilo halikanushiki. Lakini huko yalikotoka, mashamba ya michikichi yamekula misitu mikubwa ya Sumatra na Borneo.

Mabati nayo ni vivyo hivyo: chuma chake huingia nchini kikiwa kimekunjwa mafungu, kisha kikapakwa na kukatwa hapa. Hata kanga, vazi ambalo tunaliona ni letu kuliko vyote, jina lake hutungwa Mombasa lakini nyingi huchapishwa India. Neno "imetengenezwa" lina ngazi nyingi, na mnunuzi husomeshwa ngazi ya mwisho tu.

Cha nyumbani kinachoiharibu nyumba

Makaa ya kupikia yanayochomwa hapa nchini ni bidhaa ya Kenya kwa asilimia mia. Hayapiti forodhani. Gesi ya mtungi huja kwa meli. Lakini katika tanuri la udongo la kienyeji, hutakiwa kilo 6 hadi 10 za kuni kupata kilo moja ya makaa, na kuni hizo hutoka katika misitu ya bara ya Kwale, Kilifi na Tana River. Hapa cha mgeni kina nafuu kwa msitu na kwa mapafu ya mama aliye jikoni. Asiyeweza kununua gesi, jiko la udongo lililobanwa vizuri hupunguza makaa kwa thuluthi na zaidi, na jiko hilo ni kazi ya mafundi wetu.

Samaki pia. Changu aliyevuliwa kwa mshipi au dema ni riziki safi. Aliyevuliwa kwa juya, nyavu zinazokokota kila kitu na kuvunja matumbawe, ni samaki wa hapa hapa anayeiba samaki wa kesho.

Na wapo waliolipa kwa damu zao. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia wakazi sumu ya risasi. Kiliacha kazi mwaka 2014. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya uamuzi huo kubatilishwa katika rufaa, Mahakama ya Juu iliurudisha Desemba 2024. Phyllis Omido, aliyeongoza kilio hicho, alitunukiwa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Kiwanda kilikuwa cha hapa, ajira zilikuwa za hapa, na watoto waliopimwa wakakutwa na risasi mwilini walikuwa wa hapa. Uzalendo usiokaguliwa ni hatari kwa maskini anayeishi ukutani mwa kiwanda.

Pale ambapo cha kwetu hushinda

Makuti, mikeka, vikapu vya ukindu na kamba za makumbi vina majibu mazuri kwa maswali yote manne. Mnazi hutoa makuti bila kukatwa, kazi hufanywa kwa mikono, safari ni fupi, na vikichakaa hurudi kuwa udongo. Makuti yana kasoro zake: huogopa moto na hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Lakini mwenye shamba akiwa na soko la makuti ana sababu ya kuuacha mnazi usimame.

Boriti za mikoko zinataka uangalifu zaidi. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi, lakini kwetu wajenzi walikuwa wengi na miti ikapungua. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukilinda hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni iliyohifadhiwa tangu 2013, na mapato yake yamesaidia maji na shule. Boriti iliyokatwa kwa kibali, mahali panapopandwa upya, ni bidhaa njema. Iliyokatwa usiku haitakaswi na kuwa ya Kenya.

Lamu nako fundi Ali Skanda na wenzake waliunda Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa na ndara zilizotupwa. Lilizinduliwa 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Hapo taka ya mwenzako imegeuka malighafi.

Vipi mitumba? Ni ya ng'ambo, na imewaumiza washonaji wetu na viwanda vya nguo. Lakini kwa mazingira, shati lililokwisha kushonwa na likavaliwa miaka mitano zaidi huokoa pamba, maji na rangi ya shati jipya. Ubaya uko kwenye yale matambara yasiyovalika yaliyochanganywa ndani ya marobota, ambayo huishia majalalani kwetu. Anayetaka kumuunga mkono fundi wa mtaa anaweza kununua mtumba na kumpelekea aurekebishe. Hapo amefaidi pande zote mbili.

Anunuaye aulize

Kabla ya kutoa pesa, ndugu msomaji, uliza: malighafi yake imetoka wapi? Imetengenezwa kwa umeme, kwa kuni au kwa mafuta mazito? Itadumu miaka mingapi, na yupo fundi wa kuitengeneza ikiharibika? Ikiisha itaoza, itageuzwa kitu kingine, au itaishia baharini? Swali la tano ndilo zito kuliko yote: je, ninakihitaji? Dini yetu imekataza israfu hata katika maji ya udhu, sembuse katika vitu vya kununuliwa. Kitu ambacho hakikununuliwa hakina moshi, hakina meli na hakina taka.

Na yako maswali ambayo mnunuzi mmoja hawezi kuyajibu akiwa dukani. Hayo ni ya kaunti na ya mamlaka za kukagua viwanda. Marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017, ilibadilisha soko zima kwa siku moja, jambo ambalo mawaidha ya miaka mingi yalishindwa kulifanya. Tuwadai viongozi wetu ukaguzi wa wazi wa viwanda vinavyotuzunguka, na malighafi zitajwe kwenye vifungashio.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bidhaa ya Kenya iliyo safi haitaogopa kuulizwa maswali. Tununue cha kwetu kwa sababu ni chema, na kisipokuwa chema tukidai kiwe, kwa kuwa aliyekitengeneza tunamjua na mlango wake tunaujua.