Mashini Iliyouliza: Unataka Kufomati?

Mama mmoja alikuja kwetu Nyamirambo na flashi ameifunga kwenye ncha ya kitenge, vile watu wanafunga pesa. Ndani mlikuwa picha za ndoa yake, picha za mazishi ya mume wake, na skani ya diploma ya kijana wake aliyemaliza sekondari Masisi kabla hawajakimbia. Kijana alikuwa anaomba nafasi ya chuo, na karatasi yenyewe ilishapotea njiani. Basi hiyo skani ndiyo diploma, hakuna ingine. Tukachomeka flashi kwenye kompyuta yetu ya zamani, ikatoa ule mlio wake mdogo, halafu ikaleta dirisha kwa Kiingereza: diski haijafomatiwa, unataka kuifomati sasa?

Mama anasoma Kifaransa. Akaniuliza, "Mwanangu, inaomba nini? Bonyeza ndiyo tumalize." Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya mausi.

Sikubonyeza. Si kwa akili nyingi. Mwaka uliopita niliwahi kubonyeza, flashi ya mtu mwingine, na mpaka leo nikimwona Biryogo napita upande wa pili wa barabara. Tangu siku ile nilianza kutafuta kwa nini mashini za wazee zinakataa flashi za watoto. Nikakuta ni historia, tena si ndefu sana.

Zamani vitu vilibebwa kwenye disketi. Disketi moja ilikuwa na megabaiti 1.44, yaani picha moja ya simu ya leo haiingii. USB yenyewe ilitangazwa mwaka 1996, na mmoja wa watu walioisimamia ni Ajay Bhatt, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Intel. Wazo lilikuwa tundu moja kwa vitu vyote: kibodi, mausi, printa. Flashi haikuwepo bado. Ilikuja sokoni mwaka 2000, kampuni ya Trek ya Singapore ikiuza yake, na IBM ikiuza ile iliyotengenezwa na M-Systems ya Israeli. Ile ya IBM ilikuwa na megabaiti 8. Watu waliona maajabu, juu ilibeba zaidi ya disketi tano.

Hapo ndipo tatizo lilianza. Tundu lilitangulia, mgeni akaja nyuma. Windows 98 iliijua USB lakini haikuijua flashi, kwa hiyo ulihitaji draiva, ile programu ndogo inayomtambulisha mgeni kwa mwenye nyumba. Draiva ililetwa kwenye sidii. Sidii ikipotea, flashi yako ni kipande cha plastiki tu. Windows 2000 na Windows Me ndizo zilizokuja na hiyo draiva ndani, halafu XP ya mwaka 2001 ikafanya watu wasahau kwamba draiva iliwahi kuwa shida.

XP ilikaa sana. Microsoft iliacha kuitengenezea dawa tarehe 8 Aprili 2014, lakini kompyuta haisomi kalenda. Mashini ikichoka ofisini inapewa shule, ikichoka shuleni inakuja kwetu. Wenzetu wa mashirika msikasirike, tunashukuru. Nasema tu ndiyo maana kambini unaweza kukuta flashi ya mwaka jana inaingizwa kwenye mashini iliyozaliwa kabla ya mtoto anayeitumia.

Na flashi nazo zilinenepa. Kila flashi ina namna yake ya kupanga vitu ndani, kama vile mtu anapanga stoo. Mpango wa zamani ni FAT32. Karibu kila mashini inausoma, ila faili moja haiwezi kupita gigabaiti 4, na Windows yenyewe ilikataa kufomati FAT32 zaidi ya gigabaiti 32. Mwaka 2006 Microsoft ikaleta mpango mwingine, exFAT, na flashi nyingi za gigabaiti 64 kwenda juu sasa zinatoka dukani na huo. XP haikuujua. Nyongeza ya kuifundisha ilitolewa mwaka 2009, na mashini ambayo haikuwekewa hiyo nyongeza, ukiipa flashi ya exFAT, inaangalia, haielewi kitu, inaamua kwamba stoo ni tupu. Ndiyo inakuuliza kama ifomati. Haidanganyi, bana. Ni kama mtu asiyejua kusoma ukimpa barua, akuambie karatasi hii ni chafu, tuifute?

Flashi ya yule mama ilikuwa ya gigabaiti 64, ndugu yake aliinunua Goma.

Watoto waliosoma shule za msingi za hapa Rwanda wanazijua zile laptopu ndogo za kijani na nyeupe, XO, zilizoanza kugawanywa mwaka 2008. Zile za kwanza zilikuwa na nafasi ya gigabaiti 1 tu ndani, lakini matundu ya USB matatu. Hazitumii Windows, zinatumia Linux, na hazikuhitaji sidii ya draiva kwa flashi. Lakini hata Linux iliingiza exFAT kwenye kiini chake mwaka 2019 tu. Kabla ya hapo ulikuwa unaongeza programu mwenyewe, na kuongeza programu kunataka intaneti, na intaneti mnajua ilivyo.

Kuna pia mashini zinazokataa kwa kuogopa. Mwishoni mwa 2008 kilitokea kirusi kilichoitwa Conficker, na moja ya njia zake ilikuwa flashi: ukichomeka tu, Windows inaifungua yenyewe na kirusi kinaingia. Mwanzoni mwa 2009 kilifika mpaka kwenye kompyuta za jeshi la majini la Ufaransa. Tangu hapo ofisi nyingi zilifunga matundu ya USB kwa makusudi. Kwa hiyo ukienda na flashi ofisini, mashini mpya kabisa, na ikakaa kimya, usiitingishe tundu. Muulize mwenye ofisi.

Na Windows 7 ina kichekesho chake. Matundu ya bluu ni ya USB 3, iliyotangazwa 2008, lakini Windows 7 ilitoka 2009 bila draiva zake. Ukikuta bluu imekufa, jaribu tundu jeusi. Na jaribu la nyuma kabla ya la mbele, juu yale ya mbele yanapita kwenye waya ambao mara nyingi umelegea. Nimeona mzee mmoja akitupa flashi nzima kwa sababu ya ule waya.

Turudi kwa mama. Nilibonyeza hapana, nikaichomoa, nikaomba laptopu ya mwenzangu ambayo ni ya juzi. Ikafunguka mara moja. Picha zote, na diploma, imepinda kidogo lakini mhuri unasomeka. Tukaituma kwa baruapepe ya kijana, halafu tukainakili kwenye flashi yangu ya zamani ya gigabaiti 4, FAT32, na hiyo tukaichomeka kwenye ile mashini kongwe iliyotaka kuifuta. Ikaisoma bila neno, ikaprinti.

Mama aliangalia karatasi ikitoka. Kisha akaomba ile flashi ndogo pia, nikampa, akazifunga zote mbili, kila moja kwenye ncha yake ya kitenge.