Nyeri na majaribio ya afya kwa wote

Leo tuache kompyuta kidogo tuangalie historia ya juzi tu.

Desemba 2018 Kenya ilianza majaribio ya afya kwa wote katika kaunti 4 kati ya 47. Hazikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Kisumu ilichukuliwa kwa magonjwa ya kuambukiza, Machakos kwa majeruhi wa ajali, Isiolo kwa wafugaji wanaohamahama, na Nyeri kwa presha na kisukari. Sisi tunaoandika programu tungesema: programu moja, mipangilio minne. Hapo napiga makofi, maana dawa zinazokosekana Kisumu si lazima ziwe ndizo zinazokosekana Karatina.

Lakini takwimu zilisema zaidi ya hapo. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta presha ya juu kwa karibu asilimia 24 ya watu wazima, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa. Maana yake nini? Ukianza kupima kwa dhati, wagonjwa wataongezeka, na wengi wao watahitaji vidonge maisha yao yote. Mfupa uliovunjika huunga. Presha haina siku ya kuiaga.

Majaribio yenyewe yalipangwa kuwa ya mwaka 1.

Basi ushahidi ulitumika kuchagua mahali, haukutumika kupanga muda. Mkulima wa chai wa Othaya aliyegunduliwa ana presha mwaka ule anaihitaji dawa hata leo. Tafakarini hilo. Tukutane tena, panapo majaliwa.