Mchezo Katika Tiba ya Mtoto: Kutoka Kambi za Ngara Hadi Skrini ya Simu



Kungwi humfundisha mwari mambo mengi: usafi, mapishi, namna ya kukaa na mume na wakwe. Mara chache humfundisha namna ya kumshika mtoto anayelia mbele ya sindano, au anayekataa kunyooshwa mguu wake kila asubuhi. Ilhali Mwenyezi Mungu akitujaalia uzazi, wengi wetu tutalikuta jambo hilo. Leo tunaitazama historia ya njia moja ya kumsaidia mtoto kuvumilia tiba, nayo ni mchezo. Tutakaa zaidi Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, mbali na bahari yetu, kwa sababu huko mchezo ulipewa kazi nzito wakati watu hawakuwa na karibu kitu kingine.

Mchezo haukuanza na skrini

Sisi Waislamu hatuna haja ya kuona haya tukisema mtoto acheze. Tunajua kuwa Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake na alicheza nao nyumbani kwa Mtume (s.a.w.). Na hospitali za Kiislamu za zamani zilielewa kwamba mgonjwa ana moyo pia. Mjini Edirne, Uturuki, Sultani Bayezid wa Pili alijenga hospitali iliyokamilika mwaka 1488, na waganga wake walitumia sauti ya maji na muziki kuwatuliza wagonjwa.

Ulaya, karne nyingi baadaye, hali ilikuwa kinyume. Hadi katikati ya karne iliyopita hospitali nyingi za Uingereza zilimruhusu mama amwone mtoto wake kwa muda mfupi tu, kwa hoja kwamba kuja na kuondoka kwake kunamliza mtoto. Mwaka 1952 James Robertson alitoa filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa bila mama yake, na watu wakaona kwa macho yao namna mtoto anavyonyong'onyea kidogo kidogo. Mwaka 1959 ripoti ya kamati ya Platt iliitaka serikali ya Uingereza iwaruhusu wazazi kuwatembelea watoto wao kwa uhuru, na iwape watoto nafasi ya kucheza wodini. Kutoka hapo ikazaliwa kazi mpya, ya mtu aliyeajiriwa hospitali kucheza na watoto wagonjwa.

Bibi zetu, waliolala mkekani pembeni ya kitanda cha mjukuu hospitalini, walikuwa wakilifanya hilo bila ripoti.

Ngara, Aprili 1994

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya muda wa takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilaya ya Ngara. Walipelekwa Benaco, na kwa muda mfupi sehemu ile ya vilima na migomba ikawa mojawapo ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Ugonjwa wa kuhara damu ulienea. Maelfu ya watoto walikuwa hawana mzazi pembeni yao, na wengi walikuwa wameona mambo ambayo mtu mzima hayawezi.

Watu wa afya walikuwa na kazi ya maji safi, chanjo na chakula, na ni haki vitu hivyo vilitangulia. Lakini mtoto aliyekwisha kunywa dawa na kula uji bado alibaki amekaa kimya, haongei, au anashtuka usiku. UNICEF, UNESCO na wenzao walipoanza kazi ya elimu Ngara, hawakuanza na darasa. Walianza na michezo, nyimbo na mipira, ili watoto wakusanyike mahali pamoja kila siku kwa saa inayojulikana. Baada ya hapo ndipo likaja kasha la mwalimu, lililobuniwa na UNESCO Somalia mwaka 1993. Ndani yake mlikuwa na vibao, chaki, daftari na penseli za kutosha watoto 80, wakisoma kwa zamu mbili. Walimu walikuwa wakimbizi wenyewe.

Utaratibu huo una maana kitabibu. Mtoto aliyepata mshtuko mkubwa amepoteza imani kwamba kesho itafanana na leo. Mchezo wenye kanuni, unaoanza saa ile ile na watu wale wale, humrudishia imani hiyo pole pole. Ng'ambo ya mto, nchini Rwanda, kituo cha taifa cha kutibu mshtuko kilifunguliwa Kigali mwaka 1995, na walimu na walezi walifundishwa kuwaacha watoto wachore, wacheze na wasimulie. Mtoto asiyeweza kusema yaliyomkuta mara nyingi huweza kuyachora.

Mwaka huo huo wa 1995 teknolojia nayo iliingia. Shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara. Kwizera ni matumaini kwa lugha za Kirundi na Kinyarwanda. Redio ilibeba habari za afya na skuli na salamu za ndugu wanaotafutana, na sauti yake ikavuka kambi ikafika kwa wenyeji wa Ngara na Biharamulo pia.

Wanyarwanda waliamriwa kurudi kwao kabla ya mwisho wa Disemba 1996. Warundi walibaki, wengi wao katika kambi ya Lukole, Ngara, hadi ilipofungwa mwaka 2008. Katika miaka hiyo, kwenye kambi za Kigoma jirani, likaja shirika lililoanzishwa na Johann Olav Koss, bingwa wa Norway wa mbio za barafuni. Tangu mwaka 2003 linaitwa Right To Play, yaani haki ya kucheza. Mafundisho ya afya kama kuosha mikono, malaria na ukimwi yaliwekwa ndani ya mchezo, mtoto akakimbia na kujifunza kwa wakati mmoja.

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari

Katika miaka ile ile ya 1990, Marekani walitengeneza mchezo wa video uitwao Packy & Marlon. Ni hadithi ya tembo wawili wenye kisukari, na mtoto anayecheza lazima awapimie sukari, awape insulini na kuwachagulia chakula. Watoto wenye kisukari waliopewa mchezo huo wakae nao nyumbani kwa miezi sita walipunguza sana safari za dharura kwa daktari. Walikuwa wamejifunza bila kuhubiriwa.

Mwaka 1996, mjini Seattle, Hunter Hoffman na David Patterson walianza kazi iliyozaa SnowWorld, kwa ajili ya watu walioungua moto. Dada aliyewahi kumuuguza mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto anajua kwamba kusafishwa kidonda huuma kuliko hata siku ya ajali. Mgonjwa huvaa kifaa machoni na kujiona yuko bondeni penye theluji, anarusha mabonge ya barafu, huku muuguzi anasafisha jeraha. Maumivu yanahitaji tuyasikilize ndipo yatushike, na akili iliyoshughulika na jambo jingine huyapa nafasi ndogo. Dawa ya maumivu bado inatolewa; mchezo unaongezwa juu yake.

Mwaka 2006 ukatoka Re-Mission, mchezo wa vijana wenye saratani. Uliwajaribiwa wagonjwa 375 katika hospitali 34 za Marekani, Kanada na Australia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa walioucheza walishika dawa zao vizuri zaidi. Kwa mama, hilo ndilo kubwa. Dawa iliyoachwa kabatini haimponyi mtu.

Turudi Ngara na Biharamulo

Leo mama wa huko ana hospitali ya Murgwanza na ya Rulenge upande wa Ngara, na hospitali ya Biharamulo upande wa pili. Kwa matatizo makubwa hupewa rufaa, pengine Chato, pengine Bugando jijini Mwanza, safari inayomeza siku nzima. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tiba ya mtoto hufanyika nyumbani, mikononi mwa mama, bibi na dada.

Chukua mtoto aliyezaliwa na nyayo za kifundo. Kwa njia ya Ponseti hufungwa hogo jipya kila wiki kwa wiki kadhaa, kisha huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma. Mwanzoni huvaa karibu mchana na usiku, baadaye usiku tu, hadi afike miaka minne au mitano. Miguu mingi inayorudi kupinda hurudi kwa sababu viatu viliachwa. Mtoto alilia, mama akamwonea huruma, na kazi yote ya hospitali ikapotea. Au chukua mtoto mwenye mtindio wa ubongo, anayehitaji kunyooshwa na kufundishwa kushika kitu kila siku kwa miaka. Hakuna mtoto atakayefanya hivyo kwa kuambiwa kuwa ni tiba.

Mchezo unaingia hapo, na hauhitaji vifaa vya Seattle. Kushindana nani atafikia embe lililoning'inizwa ni zoezi la mkono. Kupuliza mapovu ya sabuni ni zoezi la kifua. Mpira wa majani ya migomba, ambao watoto wa Kagera hujifumia wenyewe, ni laini kwa kiganja kisichofunguka vizuri. Viatu vya chuma huvaliwa kwa wimbo ule ule kila usiku, na mwanasesere naye anavalishwa vyake.

Na simu je? Jaribio lililofanyika Tanga hadi mwaka 2019 lilipeleka vishikwambi vyenye michezo ya kusoma kwa Kiswahili katika vijiji karibu 170, kwa watoto ambao wengi hawakuwahi kugusa kifaa hicho, na watoto walijifunza. Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichoanza Dar es Salaam mwaka 2014, kimeonyesha kuwa Watanzania wanaweza kutengeneza kitu ambacho mtoto wa Kiswahili anakipenda. Kinachobaki ni hayo yote kugeuzwa kuelekea tiba, kwa lugha ya mtoto wa Rulenge na wa Unguja, na yafanye kazi hata bando likiisha.

Tunachowaachia

Kabla ya sindano, mwambie mtoto ukweli kuwa itauma kidogo, kisha mpe kazi: ahesabu, apulize, au akutafutie picha kwenye simu. Usimtishe kwa daktari nyumbani ukitaka amwamini hospitali. Mwulize mtaalamu wa mazoezi ya viungo ni mwendo gani hasa unaotakiwa, halafu nyinyi nyumbani mtafute mchezo wenye mwendo huo. Simu mpe kwa kazi maalumu na muda maalumu, kisha ichukue. Mtoto aliyeachiwa skrini siku nzima hachezi na wala hanyooshi viungo.

Na ewe bibi harusi, zungumza na mumeo mapema kwamba kucheza na mtoto mgonjwa ni sehemu ya kumuuguza, na ni kazi yenu wawili. Baba akijua kuwa dakika kumi za kurushiana mpira jioni ndizo dawa za mkono wa mwanawe, hatasubiri kuitwa.

Mwenyezi Mungu awape shifaa watoto wetu wote, na awape mama zao subira na wasaidizi. Amin.