Kompyuta mpya yamaliza kifurushi usiku: jinsi ya kujua data inakokwenda

Kompyuta mpya inayowashwa kwa mara ya kwanza mjini Mbeya au Iringa huanza kuwasiliana na seva za nje ya nchi kabla mwenyewe hajafungua ukurasa wowote. Taa ya modemu humetameta usiku kucha, na kukicha kifurushi kilichonunuliwa jana kimekwisha. Wapo wanaoilaumu kampuni ya simu, wapo wanaomshuku jirani. Mara nyingi chanzo ni masasisho halali ya mfumo endeshi, ambayo yanaweza kuzidi gigabaiti moja kwa mkupuo. Lakini zipo nyakati ambapo ndani ya mashine mna mgeni.

Miji hiyo miwili imo katika njia ya Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na tangu kebo ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ya kasi imesambaa hadi Nyanda za Juu Kusini. Enzi za modemu ya simu ya mezani, programu ya siri ilikwamisha kila kitu hata mwenyewe akashtuka. Sasa inaweza kutuma megabiti moja kwa sekunde bila kuonekana, kiasi ambacho ni takriban megabaiti 450 kwa saa.

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwamba data inatoka kwenye kompyuta hiyo na si kwenye kifaa kingine. Simu za wanafamilia, televisheni na kila kilichoungwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani viondolewe, nywila ibadilishwe, kisha kompyuta iachwe peke yake bila programu yoyote kufunguliwa. Data ikiendelea kupungua, uchunguzi uhamie ndani ya mashine.

Katika Windows, orodha ya matumizi ya data kwa kila programu imo kwenye mipangilio ya mtandao. Kwa undani zaidi, dirisha la amri hufunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi na kuandikwa netstat -abno. Huorodheshwa kila muunganisho uliopo, anwani ya upande wa pili, namba ya mlango, na jina la programu iliyoufungua.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa hukimbilia anwani. Kuiona anwani ya Marekani au Uholanzi hakuthibitishi lolote, maana kampuni kubwa hukodi seva kila mahali, na mhalifu naye hukodi hizo hizo. Jina la programu na mahali ilipohifadhiwa hueleza mengi zaidi. Faili iitwayo svchost.exe, kwa mfano, ni sehemu halali ya Windows ikiwa imo katika folda ya System32. Ikikutwa katika folda ya muda ya mtumiaji, hiyo ni sababu tosha ya kuitilia shaka. Mlango namba 443 ni wa kurasa zilizofichwa kwa usimbaji na hutumiwa na karibu kila programu. Lakini makumi ya miunganisho inayojaribiwa mfululizo kwenye mlango namba 25, wa barua pepe, au 445, wa kushirikiana mafaili, kuelekea anwani tofauti tofauti nje ya nyumba, ni dalili ya mashine inayotuma barua taka au kusambaza mnyoo wa kompyuta.

Neno "mpya" lenyewe halitoshi kuwa dhamana. Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft walinunua kompyuta 20 katika miji mbalimbali ya China, nne kati yake zikakutwa na programu hasidi zikiwa ndiyo kwanza zimetoka dukani. Moja ilikuwa na Nitol, ambayo huigeuza kompyuta kuwa askari katika mashambulizi dhidi ya tovuti za wengine. Ilibainika kuwa nakala bandia za Windows ziliingizwa mahali fulani baina ya kiwanda na duka, na Septemba 2012 mahakama moja ya Virginia, Marekani, iliiruhusu Microsoft kuchukua udhibiti wa mawasiliano ya anwani ya 3322.org iliyotumiwa na mtandao huo.

Habari hiyo inamhusu moja kwa moja mnunuzi wa Mwanjelwa au Miyomboni. Kompyuta inayofika huko imepita mikono mingi, na si ajabu muuzaji akaweka Windows isiyo na leseni ili kupunguza bei.

Hata kiwanda hakikwepi lawama. Kuanzia mwaka 2014 hadi mwanzoni mwa 2015 Lenovo iliuza baadhi ya kompyuta zake mpya zikiwa na Superfish, programu ya matangazo iliyoingilia hata kurasa zilizofichwa kwa usimbaji, zikiwemo za benki. Mwaka 2017 ilifikia makubaliano na mamlaka ya biashara ya Marekani kuhusu suala hilo.

Ikibainika kuwa ni masasisho tu, dawa ni rahisi: muunganisho uwekwe kuwa wa kulipiwa kwa kipimo, na masasisho yapakuliwe wakati wa kifurushi cha usiku. Anayetumia Wi-Fi ya simu yake ahakikishe jambo hilo mwenyewe, kwani kompyuta inaweza kuuchukulia muunganisho huo kama usio na kikomo.

Ikiwa ni programu hasidi, orodha ya netstat ihifadhiwe kwanza, kisha mtandao ukatwe na Windows halali isimikwe upya kwa diski iliyotayarishwa kwenye kompyuta nyingine safi. Taarifa inaweza kupelekwa TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya TCRA, ambayo ina ofisi ya kanda jijini Mbeya. Flashi zote zilizowahi kuchomekwa kwenye kompyuta hiyo nazo zisafishwe kabla ya kutumika tena, kwa kuwa Nitol ilijinakili humo yenyewe.