Kanombe Kabla Ndege Hazijahama

Kinyarwanda kimeazima neno indege kutoka Kiswahili, lakini kimeliazima nusu. Kwa Mswahili, ndege ni kiumbe mwenye mabawa, na ndege hiyo hiyo ni chombo cha kusafiria angani; kwa Mnyarwanda, mwenye mabawa ni inyoni, na indege ni chombo peke yake. Ndiyo maana wanafunzi wangu hutatizika wanapokutana na sentensi mbili zinazofanana: ndege ameruka, ndege imeruka. Ya kwanza inazungumzia kiumbe, ya pili inazungumzia mashine. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotuokoa. Leo nitaandika juu ya ndege ya pili, ile iliyoruka, na hasa juu ya mahali inaporukia: Kanombe.

Wengi wenu mnakijua kiwanja hicho kwa masikio kabla ya macho. Anayeishi Busanza au Nyarugunga hahitaji kutazama ratiba ili ajue kwamba ndege ya usiku imefika. Anayepita kwa basi kutoka Remera kuelekea Kabuga na Rwamagana huliona jengo la abiria na mnara wa kuongozea ndege ng'ambo ya ukuta, kisha huendelea na safari yake. Mahali panapopitwa kila siku huwa rahisi kusahauliwa, na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia, kwa sababu kiwanja hiki kimekaribia kupoteza kazi yake kuu.

Tangu mwaka 2017 ujenzi wa kiwanja kipya unaendelea wilayani Bugesera, kusini mashariki mwa Kigali. Mwaka 2019 shirika la ndege la Qatar Airways lilikubali kuchukua asilimia 60 ya hisa katika mradi huo uliokadiriwa kugharimu dola za Marekani bilioni 1.3, na michoro ikapanuliwa ili awamu ya kwanza iweze kuhudumia abiria milioni 7 kwa mwaka. Sababu zinaeleweka. Kanombe imebanwa na vilima na nyumba za watu, ina njia moja tu ya kurukia, na mji umeizunguka pande zote. Sina ugomvi na Bugesera. Ninauliza tu: ndege zikihama, Kanombe itabaki na nini, na sisi tutabaki na nini cha Kanombe?

Kwanza ikumbukwe kwamba kiwanja hiki kilikuwa kiwanja cha mji mdogo. Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, na kwa miaka mingi ilikuwa kituo kidogo tu juu ya kilima cha Nyarugenge. Wabelgiji walipotawala Ruanda-Urundi, makao makuu yao yalikuwa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, na shughuli kubwa za utawala zilielekezwa huko. Uhuru ulipokuja tarehe 1 Julai 1962, Kigali yenye wakazi elfu chache ilijikuta ghafla ni mji mkuu wa taifa. Taifa lisilo na bahari wala reli halina budi kutafuta mlango mwingine wa kutokea duniani, nao mlango huo ukawa Kanombe. Mwaka 1975 likaundwa shirika la taifa, Air Rwanda, ambalo baada ya kubadilika mara kadhaa ndilo tunaloliita leo RwandAir.

Mlango una sifa moja: hauchagui wanaoupita. Mwezi Septemba 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili alishukia hapo kwa ziara yake ya kichungaji. Wiki chache baadaye, tarehe 1 Oktoba, vita vilianza. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana, aina ya Falcon 50, ilipigwa makombora ilipokuwa ikikaribia kutua, ikitokea Dar es Salaam. Ndani yake alikuwamo pia Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Watu wote 12 waliokuwamo walikufa, na mabaki yakaangukia kwenye bustani ya nyumba ya Habyarimana mwenyewe, hatua chache kutoka kwenye kiwanja. Saa chache baadaye Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza, mauaji yaliyokwisha kuandaliwa kwa orodha, kwa silaha na kwa maneno ya redio.

Nyumba ile leo ni makumbusho ya sanaa chini ya Inteko y'Umuco, na vipande vya ndege bado viko pale vilipoangukia, upande wa pili wa ukuta wa bustani. Wapo wanaouliza kwa nini vyuma hivyo havijaondolewa. Jibu linapatikana katika historia ya uchunguzi. Mwezi Septemba 2010, miaka zaidi ya 16 baada ya tukio, majaji wa Ufaransa Marc Trévidic na Nathalie Poux walikuja Kigali pamoja na wataalamu wa makombora na wa ndege. Walipima, walipiga picha, walisikiliza mashahidi papo hapo. Ripoti ya wataalamu hao, iliyotolewa Januari 2012, ilieleza kwamba makombora yaliyo na uwezekano mkubwa zaidi yalirushwa kutoka eneo la kambi ya jeshi ya Kanombe, ambayo wakati ule ilikuwa mikononi mwa jeshi la serikali ya Habyarimana. Kazi hiyo ilihitaji mahali penyewe: ukuta, mteremko, umbali kati ya kambi na bustani, na vyuma vilivyoachwa. Kama vyuma vingeuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, wataalamu wangebaki na vitu vichache sana vya kupima.

Linganisha na kisa kingine. Mwaka 2004 iligundulika kwamba kinasa sauti cha ndege, kinachoitwa kwa mazoea kisanduku cheusi, kilikuwa kimekaa miaka mingi ndani ya kabati la ofisi za Umoja wa Mataifa jijini New York, kikidhaniwa kuwa ni cha Falcon ile. Kilipochunguzwa ikaonekana si chake. Kifaa hakikupotea, bali kilikosa maelezo yanayoaminika ya kilikotoka. Kuhifadhi kitu bila kuhifadhi habari zake ni nusu ya kazi, na pengine ni chini ya nusu.

Lakini nisingependa ukumbuke Kanombe kwa Falcon peke yake. Siku zilizofuata tarehe 6 Aprili, askari wa Ufaransa na wa Ubelgiji walitua hapo kuwaondoa raia wa kigeni. Tarehe 11 Aprili askari wa Ubelgiji waliokuwa wakilinda shule ya ETO huko Kicukiro waliiacha shule hiyo na kuelekea kiwanjani. Nyuma yao walibaki Watutsi zaidi ya 2,000 waliokuwa wamekimbilia ulinzi wao. Wengi wao walipelekwa kwa miguu hadi kilima cha Nyanza na kuuawa. Leo Nyanza ya Kicukiro ni ukumbusho, na ni sahihi iwe hivyo. Ila hadithi yake ina ncha mbili, na ncha ya pili ni njia ya kurukia ndege. Aliyekuwa na pasipoti ya nchi ya mbali aliondoka. Asiyekuwa nayo aliachwa. Sijaona mahali panapoeleza jambo hilo kwa uwazi zaidi kuliko lango la abiria wanaoondoka.

Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 912 la kupunguza askari wa UNAMIR hadi takriban 270. Kwa majuma mengi yaliyofuata, mawasiliano ya anga ya wachache hao na dunia yalitegemea ndege za mizigo za Hercules za jeshi la Kanada zilizokuwa zikitoka Nairobi. Tarehe 22 Mei wapiganaji wa RPF wakakitwaa kiwanja pamoja na kambi yake. Miaka minne baadaye, tarehe 25 Machi 1998, Rais Bill Clinton wa Marekani alitua Kanombe, akazungumza na manusura na kutoa hotuba ya kukiri kwamba dunia haikuchukua hatua inayostahili. Hakutoka nje ya kiwanja. Alikuja, akasema, akaondoka, na yote yakafanyika ndani ya uzio ule ule. Kama yapo majengo ya Kigali yanayostahili kibao chenye maandishi, jengo lile la kiwanja halipaswi kuwa la mwisho kwenye orodha.

Nchi yetu si mgeni katika kazi hii. Jengo la Bunge huko Kimihurura, walikokaa askari 600 wa RPF, limeachiwa makovu ya risasi na mizinga kwenye kuta zake, na tangu 2017 lina makumbusho ya kampeni ya kuyakomesha mauaji ya kimbari. Katika Camp Kigali, walipouawa askari 10 wa Ubelgiji, ukuta umebaki na matundu yake. Hata nyumba ya Kandt imekuwa makumbusho. Mwezi Septemba 2023 UNESCO iliorodhesha kumbukumbu nne za Rwanda katika urithi wa dunia, nazo ni Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero. Nyamata iko Bugesera. Kwa hiyo abiria wa kesho atashuka katika wilaya ambayo tayari imeonyesha dunia jinsi mahali panavyotunzwa.

Majirani zetu wana mafunzo ya aina mbili. Kule Entebbe, mnara wa zamani wa kiwanja bado unaonyesha alama za mapambano ya usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israeli walipowaokoa mateka. Lakini uko katika eneo la jeshi, na raia wa kawaida haufikii kwa urahisi. Nairobi nako kuna kiwanja cha Embakasi, kilichofunguliwa mwaka 1958 baada ya kujengwa kwa sehemu kubwa kwa jasho la wafungwa wa kipindi cha Mau Mau. Maelfu ya abiria hutua kila siku juu ya kazi ya mikono yao bila kuijua. Mbali zaidi, Ufaransa iliyageuza majengo ya Le Bourget, alikotua Charles Lindbergh mwaka 1927, kuwa makumbusho ya usafiri wa anga, na Berlin iliufanya uwanja wa Tempelhof kuwa bustani ya watu baada ya kufungwa mwaka 2008. Wajenzi walipoutamani, wananchi wa mji walipiga kura mwaka 2014 na kukataa. Sisemi tuige Berlin. Ardhi ya Kigali ni haba na ghali, na familia inayotafuta kiwanja cha kujenga nyumba haitafurahia kuambiwa kwamba kilomita tatu na nusu za lami zibaki tupu kwa ajili ya kumbukumbu.

Hata hivyo si lazima kuhifadhi kila kitu. Ningependa mnara ubaki, na chumba kimoja cha jengo la abiria, na kipande kifupi cha lami ambacho mtoto anaweza kusimama juu yake. Ningependa zaidi makaratasi: daftari za waongoza ndege, ratiba za Air Rwanda, picha za mafundi, sare za wahudumu. Vitu hivi havina kelele, ndiyo maana hutupwa kwanza siku ya kuhama. Meza huhesabiwa, majalada huchomwa.

Na kuna urithi usio na uzito kabisa, nao ni maneno. Rubani zamani alikuwa mwongoza chombo baharini, na abiria alikuwa msafiri wa jahazi. Pwani iliyakopesha maneno hayo anga. Nasi tumejaza yetu. Mwaka 2016 RwandAir ilipopokea ndege zake za kwanza za Airbus A330, moja iliitwa Ubumwe na nyingine Umurage. Ubumwe ni umoja. Umurage ni urithi, kile mzee anachomwachia mwana. Ndege yenye jina hilo imekuwa ikiruka kutoka Kanombe, nami sina hakika kama abiria wengi huisoma ubavuni wanapopanda ngazi.

Zoezi la juma hili, basi, ni hili. Mtafute mtu mzima aliyewahi kufanya kazi Kanombe: mbeba mizigo, mpishi, fundi, dereva, mlinzi, au mama aliyeuza chai karibu na lango. Mwamkie kwa heshima impasayo, omba ruhusa kabla ya kuandika, na usimlazimishe kuzungumzia mwaka 1994 asipotaka mwenyewe. Muulize siku yake ya kwanza kazini ilikuwaje, vifaa vyake viliitwaje, ndege gani aliipenda na kwa nini. Akijibu kwa Kinyarwanda, andika kwanza kama alivyosema, kisha ukitafsiri kwa Kiswahili katika kurasa mbili, ukizingatia upatanisho wa nomino ndege. Andika pia tarehe ya mazungumzo na mahali yalipofanyika, usije ukafanana na kabati lile la New York.