Meli ya Barua Iliyoifungua Kaskazini ya Norwei

Julai 2, 1893, meli ya mvuke iitwayo Vesteraalen iling'oa nanga Trondheim na kushika njia ya kaskazini. Saa 67 baadaye ilifika Hammerfest, mji ulio mbali kupita mstari wa Aktiki. Kwa watu wa Hammerfest, mzigo wenye thamani kuliko yote siku ile ulikuwa magunia ya barua. Kabla ya hapo, barua kutoka Trondheim ilikaa njiani majuma matatu wakati wa kiangazi. Majira ya baridi iliweza kukaa miezi mitano.

Leo pwani hiyo inasifika kwa mandhari yake: vilele vya Lofoten vilivyosimama wima juu ya maji, fiodi, yaani ghuba nyembamba zilizopenya kati ya majabali, na jua la kiangazi lisilozama hata usiku wa manane. Wageni wengi huanza kuijua Ulaya ya kaskazini wakiwa juu ya sitaha ya meli za njia hiyohiyo, iitwayo Hurtigruten. Lakini njia yenyewe ilitokana na shida za watu wa huko, nami naona asiyejua shida hizo ameiona nusu tu ya pwani.

Mwaka 1891, August Gran, mshauri wa serikali kuhusu meli za mvuke, alipendekeza safari za haraka za kudumu, kiangazi na majira ya baridi. Kampuni kubwa za Bergen na Trondheim zilikataa, na hofu yao ilikuwa na msingi. Kaskazini ya Trondheim kulikuwa na ramani mbili tu za bahari na minara ya taa 28, katika pwani yenye maelfu ya visiwa na miamba. Tena kule juu, kati ya Novemba na Januari, jua halichomozi kabisa kwa muda wa miezi miwili hivi.

Aliyekubali alikuwa Richard With, nahodha wa Stokmarknes, mji mdogo wa visiwa vya Vesterålen. Yeye na rubani wake, Anders Holthe, walikuwa wamejiwekea kumbukumbu kwa miaka: kutoka rasi hii, elekeza dira hivi, kwa mwendo huu, kwa dakika kadhaa, kisha geuka. Theluji ikifunga macho na nchi kavu isionekane, nahodha alibaki na dira, saa na daftari. Ukizidisha dakika chache, umepanda mwamba. Kwangu mimi, daftari lile ndilo kiini cha historia hii. Milima ilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni watu walioizoea hata wakaweza kuipita gizani.

Bahari yenyewe iliwasaidia. Mkondo wa joto unaotoka Atlantiki huzuia bandari zile kuganda, ingawa ziko mbali sana kaskazini. Mwaka mmoja baada ya safari ile ya kwanza, kampuni zilizokuwa zimekataa ziliomba kushiriki. Baadaye Bergen ikawa mwanzo wa safari, na Kirkenes, karibu na mpaka wa Urusi, ikawa mwisho wake.

Hata mahali panapopigwa picha zaidi pana habari za jasho. Trollfjord ni fiodi fupi, yenye mdomo mwembamba sana. Machi 1890 wenye meli za mvuke waliufunga mdomo huo kwa nyavu ili samaki walioingia wawe wao peke yao. Wavuvi wa mashua za makasia, ambao familia zao ziliishi kwa samaki wale wanaoanikwa kwenye chanja za Lofoten, waliingia kwa nguvu na kupigania haki yao.

Vita Kuu ya Pili iliitesa njia hii vibaya mno. Meli kadhaa zilizamishwa na mamia ya abiria na mabaharia walikufa. Hammerfest yenyewe iliteketezwa na majeshi ya Wajerumani yalipokuwa yakirudi nyuma.

Safari hazikuachwa. Hadi leo meli hutia gati katika bandari 34 kati ya Bergen na Kirkenes, nyingine za vijiji vidogo, nyingine usiku wa manane. Mgeni anayetaka kuijua pwani hii na aamke saa hizo, ashuke sitaha ya chini atazame mizigo ikiteremshwa na wenyeji wawili watatu wakipanda kwenda bandari inayofuata.