Mlango wa Mtaa wa Yonge

Niliifikia Maktaba ya Marejeo ya Toronto, namba 789 Mtaa wa Yonge, pasipoti mkononi kwa mazoea. Hakuna aliyeiomba. Nikaingia, nikainua macho: ghorofa tano zimeuzunguka uwazi mmoja mpana, hata aliye chini anawaona wasomaji wa juu, nao wanamwona.

Zamani haikuwa hivi. Mwaka 1830, mji ukingali ukiitwa York, kilianzishwa chama cha mafundi cha kujielimisha, na mwenye kutaka vitabu vyake alilipa ada. Aliyeshupalia maktaba ya bure ni diwani John Hallam, mfanyabiashara wa sufu na ngozi, mzaliwa wa Uingereza aliyeonja kazi ya kiwanda tangu utotoni. Sheria ya jimbo la Ontario ya 1882 ilizipa halmashauri ruhusa ya kutoza kodi ya maktaba. Januari 1883 wapiga kura wa Toronto wakaridhia, na 1884 milango ikafunguliwa katika jengo lile lile la mafundi. Baadaye zikaja dola 350,000 za tajiri Andrew Carnegie, za kujengea maktaba. (Huku kwetu Nairobi, Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi 1958.)

Kilichonigusa zaidi ni habari za msanifu wa jengo la Yonge, Raymond Moriyama. Alizaliwa Vancouver 1929, katika familia ya Kijapani. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, Kanada iliwaondoa pwani watu wa asili hiyo, raia wake wakiwemo, na yeye akapelekwa pamoja na jamaa zake kambini Slocan, milimani British Columbia. Alikuwa na makovu ya kuungua mwilini, bafuni akachekwa. Basi akawa anatoroka kwenda kuoga mtoni, na huko akajijengea kibanda juu ya mti. Hilo ndilo jengo lake la kwanza. Mwaka 1977 mtoto yule wa kambini aliikabidhi Toronto maktaba hii.

Leo mtandao wa maktaba za jiji una matawi 100. Kadi ni bure kwa mkazi, na faini za kuchelewesha vitabu zilifutwa 2022. Katika baadhi ya matawi mhamiaji mpya hukuta watu wa kumwelekeza kwenye shule, kazi na makaratasi, na baraza za kuzoeza ulimi Kiingereza. Tawi la Parkdale linatunza vitabu vya watu weusi na wa Karibi, mkusanyiko ulioanza 1973 na unaobeba jina la Rita Cox, mkutubi na mtambaji hadithi mzaliwa wa Trinidad.

Mimi, pale Yonge, niliulizia vitabu vya M.G. Vassanji, mwandishi aliyezaliwa Nairobi, akakulia Dar es Salaam, akaja kuichukua tuzo ya kwanza kabisa ya fasihi ya Giller mwaka 1994. Vitabu vingi vya hapa haviazimwi, vinasomwa papo hapo. Nikavuta kiti.